Tamko la Kutokuwa na Uhusiano

Kabla mshauri hajaja, Kambi ya Pelikani ilikuwa na bosi mmoja na wafanyakazi kumi na wanne. Alipomaliza kazi yake ilikuwa na mabosi kumi na wawili, na wafanyakazi watatu wasiojua waanze kutii amri ya nani. Hayo ndiyo yaliyoitwa mabadiliko, na yalilipiwa kwa dola.

Kambi yenyewe ilikuwa hoteli ya makontena. Makontena arobaini ya kijani, safu nne, kando ya Nile, mwendo wa sigara moja kutoka bandarini. Watu wa mashirika walilala humo ndani kama samaki wa kopo, wakashukuru kwa sababu ya kiyoyozi. Mwenye kambi, Mukasa, alikuja Juba kutoka Masaka na magunia ya vitunguu, akauza katika soko la Custom miaka mitatu. Nchi ilipopata uhuru, yeye akapata kitambi na kiwanja. Mtindo wake wa uongozi ulikuwa mmoja tu: asubuhi alisimama mlangoni pa jikoni na taulo shingoni, akapiga kelele mpaka saa mbili, kisha akaenda kunywa chai, na kazi ikafanyika. Night alishika vyumba na dobi, pale nguo zinapofuliwa. Gune, mumewe, alishika stoo. Cissy, Mganda mwenzake Mukasa, alishika sufuria. Chol alishika lango, na Mzee Cirillo, ambaye ni baba mdogo wa Night, alishika mpira wa maji akanyweshea maua. Hakuna aliyekuwa na cheo na hakuna aliyekikosa.

Kisha Mukasa akaenda Nairobi, akalala katika hoteli ambayo kila mtu alikuwa na jina kifuani. Alirudi na Bwana Okumu.

Bwana Okumu alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha na maneno yasiyo na ncha. Siku ya kwanza alizunguka kambi na daftari, akauliza kila mtu, "Wewe unaripoti kwa nani?" Cissy alimjibu kwamba yeye huripoti kwa moto, ukizimika, anapuliza. Okumu akaandika, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari aliyeona picha ya mapafu.

"Nchi changa lazima iwe na muundo," alimwambia Mukasa. "Hapa mna watu, lakini hamna muundo."

"Muundo iko bei gani?" akauliza Mukasa.

Wiki mbili baadaye muundo ukabandikwa ukutani katika ukumbi wa chakula: karatasi kubwa kama shuka, imejaa visanduku na mishale. Night alisimama mbele yake na rundo la taulo kifuani, akajitafuta kwa kidole. Alijikuta chini kushoto: Mratibu wa Huduma za Malazi na Nguo. Chol alikuwa Afisa Mkuu wa Usalama, na mwenzake wa zamu alikuwa Naibu wake, kwa hiyo lango lilikuwa na wakuu wawili na halikuwa na mlinzi. Juu kidogo, katika kisanduku kinene cha pili kutoka kwa Mukasa, palikuwa na Gune: Meneja wa Rasilimali Watu na Utawala. Siku ya kupigwa picha za visanduku hivyo ni yeye peke yake aliyekuja na tai.

Kutoka kisanduku cha Gune ulishuka mshale, ukamchoma Night utosini.

"Bambi, Night!" Cissy alicheka akajishika mbavu. "Mume yako imekukalia kichwani hata kwa karatasi!"

Night naye alicheka. Mwanzoni lilikuwa jambo la kucheka.

* * *

Kicheko kilikatwa na fomu. Bwana Okumu aligawa karatasi yenye swali moja: Je, una ndugu yeyote katika kampuni hii? Alitarajia majina mawili matatu. Alipata sitini na moja.

Cissy alimwandika Mukasa kuwa kaka yake, maana wote wawili ni wa ukoo wa panzi. Mukasa alipoulizwa, alikubali bila hata kuinua macho. Chol aliandika watu watano aliogawana nao blanketi moja ukimbizini. Mzee Cirillo, ambaye hajui kusoma, aliandikiwa na Cissy majina tisa, na la kwanza lilikuwa la Night: mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi. Okumu alijaribu kuchora undugu huo wote kwa wino mwekundu juu ya muundo wake, ikawa kama wavu wa kuvulia sangara. Alitupa fomu zote kapuni.

"Tusizunguke mbuyu," alisema. "Sera iangalie mume na mke pekee. Mume na mke hawawezi kukaa kwenye mstari mmoja wa amri. Huo ni mgongano wa maslahi. Kufikia mwisho wa mwezi, mmoja atoke."

Kambi nzima ilikuwa na mume mmoja na mke mmoja tu.

Jioni ile, nyumbani kwao Munuki, Gune alikula bila kuvua tai. Alikuwa ameanza kuzoea kuinama mbele anapokula, ili isiingie kwenye mchuzi.

"Baba Poni, mmoja wetu aondoke," Night alisema. "Ni nani?"

"Niachie mimi. Rasilimali watu ni mimi."

"Nimekuuliza ni nani. Mshahara wako unalipa nyumba, wangu unalipa shule ya Poni na hicho unachotafuna. Ukiondoka wewe, tunalala nje. Nikiondoka mimi, tunalala ndani na njaa."

"Hakuna wa kuondoka. Nimeongea na Mukasa. Yeye anataka kazi, hataki harusi. Kuna karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya ofisi, Mama Poni. Ukiitwa, njoo, tia sahihi, rudi kwa mashuka yako. Khalas."

Night alimtazama. Miaka tisa alikuwa naye. Walikutana katika kambi ya wakimbizi ya Adjumani wakiwa hawana hata kijiko. Watu wa Gune walikuja kwa Mzee Cirillo na mbuzi zao na pombe yao, wazee wakala, wakanywa, wakaimba, wakampa mke. Harusi ya kanisa ilikuwa ya mwaka ujao, kila mwaka. Hakumwuliza zaidi. Mtu aliyekutoa kwenye mstari wa mahindi ya msaada hukai ukimhoji kuhusu karatasi.

* * *

Aliitwa Alhamisi, saa nne asubuhi, mikono ikinuka sabuni. Ofisini walikuwa Mukasa, Okumu na Gune. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja, kidau cha wino na kalamu ya hoteli.

"Bi Night, keti," Okumu alisema. "Ni jambo dogo. Bwana Gune ametufafanulia kwamba nyinyi hamjafunga ndoa rasmi. Kwa hiyo mgongano haupo, mradi kila mmoja atie sahihi tamko hili. Mzee Mukasa atashuhudia. Tunahitaji shahidi wa pili, mtu asiye na cheo, asije akasemekana amependelea."

Alitupa jicho dirishani. Katika kambi ile yenye wakuu kila kona, mtu asiye na cheo alikuwa mmoja. Bustani haikuwa na kisanduku. Okumu aliona maua ni jambo la kupewa mkandarasi.

"Wewe mzee wa maua! Hebu ingia kidogo."

Night aliona rangi ikimtoka Gune usoni kama kitambaa kibaya kinavyochuja kwenye maji ya kwanza. Alifungua mdomo. Lakini angesema nini? Kwamba shahidi huyu hafai, kwa sababu ni baba mkwe wake? Tai ilimkaba, akaufunga. Fomu ambayo ingemwokoa ilikuwa imekwisha kuchomwa pamoja na takataka.

Mzee Cirillo aliingia na buti zake za mpira zenye tope, akavua kofia.

"Hajui kusoma? Sawa, nitamsomea," Okumu alisema, akasafisha koo. "Mimi, Gune, kwa akili timamu na bila kushurutishwa, natamka kwamba Night si mke wangu, na kwamba sina uhusiano wowote naye isipokuwa wa kikazi."

Kiyoyozi kiliguna. Mukasa aliitazama saa yake, ambayo ilikuwa imesimama tangu Pasaka.

"Soma tena, mwanangu," Mzee Cirillo alisema. "Polepole. Masikio yangu yameingia maji."

Okumu akasoma tena, polepole, kwa sauti nzuri ya redio. Mzee akamgeukia Gune.

"Haya ni maneno yako?"

"Baba, ni mambo ya ofisi tu..."

"Sikuulizi ofisi. Nauliza mdomo."

"Jibu tu, Bwana Gune," Okumu alihimiza. "Ndiyo au la. Nina mkutano saa tano."

Night alikuwa akimngoja amtazame. Kama angemtazama, hata kwa pembe ya jicho, hata kwa kukonyeza kihuni, angejua kwamba ni mchezo, naye angecheza. Gune aliitazama kalamu.

"Ndiyo," alisema.

Mzee Cirillo alichovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi taratibu, akahakikisha mistari yote imetoka. Gune akatia sahihi, na Okumu akamsogezea Night kalamu. Mukasa akanong'ona, "Andika, mama, turudi kwa kazi." Night akaandika jina lake, na la baba yake, na la babu yake, mpaka nafasi ikaisha.

Nje, mzee alifunga bomba, akaukunja mpira wa maji kwa utaratibu kama mtu anayemaliza msimu.

"Ukitoka kazini pitia watoto," alimwambia Night. "Kwangu Gumbo kuna nyumba."

Gune alikuwa ametoka mbio nyuma yao. "Baba! Ile ni karatasi tu!"

"Na mimi nimeweka kidole tu," mzee alisema. "Lakini kwetu mwanamume akisema mbele ya watu kwamba huyu si mke wake, hatumwombi atufafanulie."

* * *

Hivyo ndivyo muundo ulivyofanya kazi vizuri kuliko Bwana Okumu alivyotarajia. Night alihamia Gumbo, ng'ambo ya daraja, na Poni na mdogo wake. Kila asubuhi alivuka na bodaboda kuja kuripoti kwa mtu asiyekuwa na uhusiano naye. Kulikuwa na kikao cha saa mbili, maana kelele za Mukasa zilipigwa marufuku na mahali pake pakawekwa vikao. Gune alikaa kichwani mwa meza.

"Mratibu wa Malazi, ripoti yako."

"Bwana Meneja, mashuka themanini yamefuliwa. Ripoti imekwisha."

"Changamoto?"

"Hakuna, Bwana Meneja."

"Mapendekezo?"

"Hakuna, Bwana Meneja."

Alimwita Bwana Meneja kwa adabu iliyomkata mwenyewe ulimi. Wengine waliinamisha vichwa, wakatafuna mashavu yao.

Wiki ya tatu Gune alikuja dobi na mfuko wa plastiki. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Nifulie haya mawili, Mama Poni."

Night hakuinua mkono kutoka kwenye pasi. "Idara yangu inafua nguo za wageni. Bwana Meneja ni mgeni?"

"Acha mchezo, Night."

"Kama ni mgeni, dola mbili kila shati. Kama ni mfanyakazi, fomu namba saba, isainiwe na meneja wa rasilimali watu."

"Meneja si ni mimi!"

"Basi haitakuchukua muda."

Cissy, aliyekuja kuomba vitambaa vya meza, aliketi juu ya ndoo akapiga mapaja. "Banange! Huwezi, Gune! Mwenye anafua na mwenye anafuliwa haiwezi kaa kwa mstari moja! Itagongana!"

Gune aliondoka na mfuko wake. Night aliendelea kupiga pasi foronya ileile mpaka ikaanza kunuka. Hakuna aliyemwambia kwamba kumshinda mtu huyo kungekuwa na ladha ya majivu. Usiku Poni aliuliza kama baba amekwenda vitani. Alimjibu kwamba baba amepandishwa cheo.

Jumapili iliyofuata Gune alivuka daraja. Alisimama uani kwa Mzee Cirillo, tai mfukoni, akaomba asamehewe palepale, kimyakimya, kwa heshima. Night alikuwa ndani akimenya karanga, kapazia kamoja tu katikati. Alikuwa amekwisha kuamua: akisema neno lile, anabeba watoto anarudi Munuki siku hiyohiyo, kazi ikitoka itoke. Angeuza hata maandazi Custom.

"Mwanangu," mzee alisema, "ukitapika sebuleni hupangusi jikoni. Sema palepale uliposema, mbele ya walewale. Siku hiyo mke wako utamchukua hata kabla sijavaa kofia."

"Nikisema pale, baba, mmoja wetu anafukuzwa."

"Ndiyo maana ya kusema."

Gune alikaa kidogo, akanywa maji, akasema atafikiria. Night akagundua kwamba amemenya karanga zote, na maganda ameyarudisha kwenye sufuria.

* * *

Muundo ulizinduliwa rasmi Jumamosi, tarehe kumi na nne Desemba. Palichinjwa fahali. Mbia wa Mukasa alikuja, kanali mstaafu mwenye hisa zake kwa sababu sheria ilitaka mwenyeji, na kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu kumwambia hapana. Walikuja wageni wa mashirika na mchungaji mmoja aliyesikia habari za fahali.

Bwana Okumu alikuwa na ubunifu. Alikuwa amechora muundo mzima juu ya ardhi kwa chokaa, ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu, na kila mfanyakazi akatakiwa kusimama katika kisanduku chake. Wakasimama juani kama viazi vilivyopangwa fungu. Mukasa juu, peke yake, akitoka jasho. Gune chini yake. Night mita tatu chini ya Gune, mshale wa chokaa ukiishia kwenye vidole vyake vya miguu. Cissy alikuwa amekanyaga mstari wake makusudi, sasa yuko nusu jikoni, nusu fedha.

"Mabibi na mabwana, hii ndiyo taasisi hai!" Okumu alisema. "Kila mtu anajua nani yuko juu yake na nani yuko chini yake. Kuna swali?"

Wageni walipiga makofi. Nyuma yao, mahali pasipo na chokaa, mkono mmoja ulinyanyuka. Mzee Cirillo alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa na wanaume wawili wa ukoo wake, nao wamevaa makoti.

"Mimi nina swali kwa yule wa sanduku la pili," alisema. "Huyo mwanamke aliye chini yako ni nani wako?"

Kanali alicheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa amechoka na hotuba. "Jibu, jamaa! Swali ni rahisi!"

Kila mtu akamgeukia Gune. Safari hii alimtazama Night. Alimtazama kweli, macho yamejaa, na Night akahisi miguu yake ikitaka kutoka chokaani yenyewe. Akasema moyoni: sema tu. Maneno mawili. Hata moja.

Gune alimtazama Mukasa. Akamtazama kanali, akaitazama nyama iliyokuwa inageuzwa motoni, kisha akainua mkono akakaza fundo la tai.

"Swali zuri, mzee," alisema. "Nipeni mpaka Jumatatu. Jumatatu nitalijibu ofisini."

"Jibu la kitaalamu hilo!" Okumu akapiga makofi, na wageni wakamfuata.

Night akatoka katika kisanduku chake, akafuta mstari kwa kisigino, akaelekea dobi. "Bi Mratibu!" Okumu aliita. "Rudi kwenye nafasi yako, tunapiga picha!" Picha ikapigwa ikiwa na pengo.

* * *

Jumatatu haikufika. Jumapili jioni bunduki zililia kwenye kambi ya jeshi, na kulipokucha mji ulikuwa umekwisha kuvunjika. Siku hizo hakuna aliyeulizwa cheo chake. Njiani watu waliulizwa kabila, na aliyekuwa na jibu baya hakuulizwa swali la pili. Chol, Afisa Mkuu wa Usalama, aliruka ukuta wa Pelikani akakimbilia kwa Umoja wa Mataifa, na kama alifika, habari hazikuvuka daraja. Naibu wake alivua sare, akaifukia chini ya maua ya Mzee Cirillo. Bwana Okumu alionekana uwanja wa ndege siku ya Jumatano, projekta kichwani, akimweleza askari kwamba yeye ni mtaalamu wa mabadiliko. Askari akamwambia akae chini.

Mukasa alipita Gumbo na gari la kukodi lenye Waganda tisa, Cissy akiwa dirishani amekumbatia sufuria, wanaelekea mpakani Nimule. Akasimamisha gari, akamwita Night kando ya barabara, akamtupia rundo la funguo.

"Mimi naenda. Hapo sasa ni wewe tu unajua kila kitu iko wapi. Meneja mkuu iko wewe."

"Meneja wa nani, Mzee Mukasa? Hakuna mtu."

"Ya mashuka!" Mukasa alipiga kelele gari likiondoka, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba sauti yake ilikuwa ya afya.

Gune alijifungia Munuki siku sita, akilala sakafuni chini ya dirisha. Siku ya saba aliungana na watu waliokuwa wakivuka daraja. Alifika Gumbo asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi, bila tai, akivuta mbuzi dume kwa kamba. Poni alimrukia shingoni. Mzee Cirillo aliita wale wawili wenye makoti, na jirani, na mke wa jirani. Viti vikatolewa. Gune hakuketi.

"Nimekuja kusema," alisema, na hakuwa akiigiza. "Night ni mke wangu. Nasema mbele ya watu wote na mbele ya Mungu. Nilikosa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Jicho lake moja lilikuwa kwa mkwewe, la pili kwa mbuzi. "Mwanangu, umesikia," alimwambia Night.

Night alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa ameshukuru Mungu alipomwona mzima. Hilo hakuna aliyeliona, naye hakukusudia walione.

"Ofisi imefunguliwa?" aliuliza.

"Ofisi gani? Hakuna ofisi."

"Mukasa?"

"Si mwenyewe umemwona akipita hapa?"

"Na Bwana Okumu, aliyesema mmoja atoke?"

"Night, kwa jina la Mungu. Watu wanakufa, wewe unauliza Okumu?"

"Nauliza kwa sababu Jumamosi neno hili lilikuwa na bei, ukashindwa. Leo linakugharimu nini?"

Gune alifikiri. Alikuwa mtu mkweli siku hiyo, na ukweli ulimponza.

"Mbuzi," alisema.

Mke wa jirani aliziba mdomo na kanga. Night hakucheka, ingawa alipenda sana kucheka. Alitoa rundo la funguo mfukoni mwa gauni, akaliweka kiganjani waone.

"Sikufukuzi, Baba Poni. Watoto utawaona, na kesho ukitaka uji njoo unywe. Lakini vita hivi vitatulia, kwa sababu wakubwa watachoka, na Mukasa atarudi, kwa sababu ameacha makontena arobaini. Siku hiyo lango nitalifungua mimi. Utakuta kiti chako, na tai yako, na mshahara wako, na mtu wa kukwambia uchague. Simama hapo, sema. Mimi nitakuwa dobi, nitasikia."

"Na kama hatarudi?"

"Basi omba arudi."

Mbali, upande wa mjini, kitu kizito kilianguka au kilipigwa. Gune aliitazama kamba mkononi mwake kama mtu aliyesahau imefikaje hapo, akaanza kumgeuza mbuzi kuelekea barabarani.

Mzee Cirillo alikohoa. "Sasa, mwanangu, na mbuzi je?"

"Mbuzi abaki," Night alisema. "Kati yetu wanne, ni yeye peke yake ambaye hakutia sahihi karatasi ile."